Mama Alipotolewa Nje: Sindano na Watoto wa Karatu na Ngorongoro

Nimetoa damu za watoto kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nilianza katikati ya miaka ya 1980, Karatu ikiwa bado tarafa ya Wilaya ya Mbulu, na barabara ya kutoka Makuyuni ikiwa ni vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye sanduku la slaidi. Nimestaafu wakati mji una lami, una mahoteli ya watalii waendao kreta, na maabara zake zina mashine zinazosoma wingi wa damu kabla hujamaliza kuandika jina la mgonjwa. Hadubini zimebadilika, sindano zimebadilika, hata mirija ya damu imebadilika. Namna ya kumshika mtoto ndiyo iliyochelewa. Kwa miaka mingi ilikuwa ileile: mama nje, mtoto kitandani, mtu mmoja miguuni, mwingine mabegani, nami na sindano.

Vijana ninaowafundisha hudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi na enzi, kwamba watu wa milimani ni wagumu na watoto wao wamezoea. Sivyo. Tabia hiyo ina umri, ina sababu zake, na ilitukuta tukiwa na njia nyingine.

Damu kabla ya hospitali

Watu wa huku hawakungoja mgeni awafundishe kutoa damu. Wamaasai wa Ngorongoro na Wadatoga wa bonde la Eyasi wamekuwa wakiwatoa ng'ombe wao damu bila kuwaua. Ng'ombe hufungwa ukanda wa ngozi shingoni hadi mshipa utune, hupigwa kwa karibu na mshale wenye ncha fupi usioweza kuzama sana, damu hukingwa kwenye kibuyu, kisha ukanda hulegezwa na damu hukata. Mtu wa maabara akitazama hana la kuuliza: kufunga, kusubiri mshipa, kuchoma kwa kina kinachojulikana, kufungua, kukandamiza. Ndiyo kazi yetu, hatua kwa hatua.

Binadamu nao walichanjwa. Zilikuwapo chale za wembe kifuani kwa mtoto mwenye kichomi, kulikuwa na kuumikwa kwa pembe, kukata kimeo, na Wamaasai waling'oa meno mawili ya chini. Sisimulii haya kwa kuyasifu. Kukata kimeo kumeua watoto kwa kutoka damu na kwa vidonda kuoza, na hadi leo kuna wanaoletwa hospitali wamechelewa. Ila yatazame mambo hayo kwa upande mmoja tu, upande wa mikono iliyomshika mtoto. Alikaa mapajani kwa mama, bibi au shangazi, mtu anayemjua kwa harufu yake, na alisemeshwa kwa lugha yake wakati wote.

Bibi yangu wa Mbulumbulu alikuwa fundi wa kutoa miiba. Ulimwekea mguu mapajani, akaanza kukuuliza habari za zizi. Yule mweusi mwenye baka, mama yake ni nani? Na mama wa mama yake tulimpata kwa nani? Kwetu Wairaqw mtoto anayejua kuchunga anaona aibu kukosea ukoo wa ng'ombe wa nyumbani, basi unafikiri kwa nguvu zako zote. Ulipopata jibu, bibi alikuwa ameshaupeleka mwiba kwenye majivu. Hakuwa na jina la ufundi huo, wala hakudhani kwamba ni ufundi.

Najua wapo watakaonikumbusha kijana wa Kimaasai, ambaye siku ya tohara hatakiwi kupepesa jicho. Ni kweli. Lakini yule ni kijana aliyeandaliwa kwa miaka, anayejua siku yake, mwenye rika lake na wazee wanaomtazama. Katika miaka yangu yote sijakutana na mzee wa Kimaasai aliyedai ushujaa huo kwa mtoto wa miaka miwili mwenye homa. Sisi wa hospitali ndio tuliodai.

Sindano inakuja na foleni

Mwaka 1892 Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alifika kreta ya Ngorongoro, Mzungu wa kwanza kuacha maandishi juu yake. Alikuta nchi iliyovunjika. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, ndui na njaa vinamaliza watu. Utawala wa Wajerumani ulipokaa ukaanza kuchanja dhidi ya ndui, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaendelea. Lakini kilichoipa sindano heshima katika Tanganyika ni ugonjwa wa buba. Katika miaka ya 1920 waganga wa serikali na wa misheni walianza kutibu buba kwa sindano za dawa zenye madini ya bismathi. Vidonda vilivyomtesa mtu kwa miaka vilikauka kwa siku chache. Watu walitembea mwendo wa siku nzima kwenda kuchomwa, na imani ikajengeka kwamba dawa ya kweli ni ile inayopita kwenye sindano. Imani hiyo haijafa: mgonjwa akipewa vidonge vitupu hata leo huuliza, "Daktari, na sindano je?"

Neema hiyo ilikuja na umbo lake. Watu mia kadhaa, mganga msaidizi mmoja, meza moja chini ya mti, na gari linalotakiwa kuwa kijiji kingine kesho. Mkono mbele, choma, mwingine. Mtoto anayelia anachelewesha mstari, kwa hiyo anashikwa. Kwa kampeni ya aina ile sioni kama walikuwa na njia nyingine. Shida ni kwamba kampeni ilikwisha, tukajenga zahanati, na tukauingiza ule mstari wa chini ya mti ndani ya jengo.

Katika miaka ya 1930 daktari Mjerumani, Ludwig Kohl-Larsen, alipiga kambi kando ya Ziwa Eyasi. Alichimba mafuvu ya kale, na pia alikusanya hadithi za Wahadzabe, nyingi kiasi cha kujaza vitabu. Huyu alikuwa tabibu, na alikuwa na hadithi mkononi. Hata hivyo hadithi zilienda kwenye maktaba za Ulaya, na sindano zikabaki peke yake huku.

Miaka thelathini baadaye walikuja wengine. Derrick Jelliffe, profesa wa afya ya watoto Makerere, aliwapima watoto wa Wahadzabe akiwa na mwanaanthropolojia James Woodburn, na makala yao ilitoka mwaka 1962 katika jarida la tiba ya watoto la Marekani. Ndani ya miaka ya 1960 hiyohiyo, Bennett wa Makerere na Barnicot wa London walishiriki uchunguzi mkubwa zaidi, uliochukua damu za Wahadzabe wakubwa kwa wadogo kutafuta vimelea na dalili za virusi. Tunajifunza mengi kutokana na kazi hizo. Makala za sayansi za wakati ule, hata hivyo, hazikuwa na safu ya kuandikia kilio cha mtoto, wala maabara yoyote duniani haikuwa nayo. Jelliffe mwenyewe alikuja kuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa maziwa ya mama. Alitetea lishe na kinga. Ilichukua miaka mingi zaidi kwa sayansi kugundua kwamba ziwa hilohilo ni dawa ya maumivu.

"Mama, subiri nje"

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilielekeza nguvu vijijini, zahanati zikaongezeka, na mwaka 1975 mpango wa taifa wa chanjo ukaanza. Hospitali za misheni nazo zilikuwapo: Haydom, kwa jirani zetu wa Mbulu, ilianza mwaka 1955, na ndani ya hifadhi ya Ngorongoro Kanisa Katoliki lilijenga Endulen, ambako mama wa Kimaasai huweza kutembea siku nzima na mtoto mgongoni.

Nilipoingia kazini bado tulikuwa na sirinji za kioo. Tulizichemsha asubuhi kwenye jiko la mafuta ya taa, na sindano iliyofanya kazi hadi kuwa butu tuliinoa kwenye jiwe. Sindano ya namna hiyo huingia kwa kusukumwa, na mtoto huisikia. Anayesema watoto wa siku hizi ni waoga kuliko wa zamani hajawahi kuona ncha ile chini ya hadubini.

Kanuni ya kumtoa mama nje sikuikuta imeandikwa popote. Niliirithi kwa mdomo, kama walivyoirithi walionifundisha. Sababu zake zilitajwa hivi: chumba ni kidogo, mama atalia, mama atamvuta mtoto, mama ataanguka. Kwa hiyo mtoto alipokewa mlangoni, akaviringishwa kwenye kanga au shuka mikono ikiwa ndani isipokuwa mmoja, glavu ikafungwa juu ya kiwiko badala ya mpira, na kazi ikaanza. Nje mama alisikia kila kitu.

Na nyumbani tuliandaliwa uwanja. Nani hajasikia, kuanzia Rhotia hadi Mang'ola, mzazi akimwambia mtoto mkaidi, "Nyamaza, la sivyo daktari atakuchoma sindano"? Mtoto aliyelelewa na kitisho hicho anaingia chumbani akiamini kwamba anaadhibiwa. Anatafuta kosa lake. Mkono wake umekaza na mishipa imejificha kabla sijagusa pamba.

Hapo ndipo ninapotaka wenzangu wa maabara wanisikilize hasa, wale wanaoona kubembeleza ni kazi ya manesi. Mtoto anayepigana huharibu kipimo. Sindano ikitikisika mshipani chembe nyekundu hupasuka, na potasiamu itakayosomwa itakuwa ya uongo. Damu inayotoka kwa kuchuruzika polepole huganda ndani ya mrija wa kupimia wingi wa damu, na unarudi kumchoma tena. Kidole kikikamuliwa sana hutoa majimaji ya mwilini pamoja na damu, na mtoto anaonekana ana upungufu mkubwa wa damu kuliko alionao. Hata kilio kirefu peke yake hupandisha idadi ya chembe nyeupe, daktari akadhani kuna maambukizi makali. Mtoto aliyetulia ni sampuli nzuri. Ukitaka kuliweka suala hili kwenye vitabu vya ubora wa maabara badala ya huruma, liweke huko, litakaa vizuri tu.

Tusijilaumu peke yetu. Ulaya na Marekani, hadi miaka ya 1980, watoto wachanga walifanyiwa hata upasuaji kwa dawa kidogo mno ya usingizi, kwa hoja kwamba neva zao hazijakomaa na hawatakumbuka. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha katika Lancet utafiti juu ya watoto njiti waliofanyiwa upasuaji: waliopewa dawa ya kutosha ya maumivu walipata misukosuko michache ya mwili na matatizo machache baadaye. Mjadala ukageuka. Kabla ya hapo, mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walikuwa wameeleza kwamba habari ya maumivu haipandi moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Hupita kwenye uti wa mgongo kama watalii wanavyopita lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, ambapo wengine huruhusiwa na wengine huzuiwa, na ubongo wenyewe ni mmoja wa wanaotoa amri ya kufungua au kufunga. Akili iliyoshughulishwa na jambo jingine husaidia kufunga. Bibi yangu, kwa kuuliza ukoo wa ng'ombe, alikuwa amekaa hapo langoni.

Tangu hapo ushahidi umekusanyika. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo juu ya kupunguza maumivu wakati wa chanjo: mzazi awepo, mtoto mdogo abebwe badala ya kulazwa, anyonyeshwe kabla au wakati wa sindano ikiwezekana, maneno yasiwe ya kutisha wala ya uongo, na mtoto wa chini ya miaka sita ashughulishwe na kichezeo, muziki au mazungumzo. Mtu wa Mbulumbulu akisomewa orodha hiyo atauliza ni nini kipya ndani yake.

Mlango unafunguliwa

Huku kwetu mabadiliko yalikuja kwa njia ya kando. Miaka ya 2000 huduma ya kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ilileta kipimo cha matone ya damu ya kisigino, yanayokaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kubwa. Mtoto ni wa wiki chache, mama lazima awepo kwa ushauri nasaha, na kisigino hutoa damu vizuri kikiwa chini na chenye joto. Mama alibaki ndani kwa sababu za utaratibu, akamweka mtoto ziwani kwa sababu ndivyo mama afanyavyo, na mimi nikaona tone linajaa duara la karatasi huku mtoto akiendelea kunyonya. Kisha vipimo vya haraka vya malaria vikaenea, tone moja la kidole likachukua nafasi ya slaidi nyingi. Mwaka 2008 kliniki ya FAME ikafunguliwa Karatu, ikawa hospitali mwaka 2012, na kwa jumla vipimo vilivyokuwa vya Arusha au Moshi vikawa vya hapahapa. Hiyo ni baraka. Maana yake pia ni kwamba mtoto wa leo anachomwa mara nyingi kuliko mtoto wa miaka ya 1980.

Niseme na jambo ambalo huwashangaza wengi: kwa mtoto mchanga, sindano ya mshipani ikipigwa na mkono wenye uzoefu huuma kidogo kuliko kuchomwa kisigino. Kinachouma kisiginoni zaidi ni kule kukamua. Kwa hiyo sindano ndogo si lazima iwe na huruma kuliko kubwa.

Kwa watoto waliokwisha kuanza kusema, chombo changu kikubwa ni kitendawili. Nafunga mpira, napapasa mshipa, nasema, "Kitendawili!" Hakuna mtoto wa Karatu asiyejibu, "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Napangusa spiriti. Anafikiri. Akikosa namwambia anipe mji, naye anautafuta mji mkubwa wa kunipa: Arusha, Dar es Salaam, wengine hunipa Ngorongoro nzima na tembo wake. Sindano inaingia kati ya mji na jibu. Mwenye umri wa miaka mitatu au minne nampa kazi ya kupuliza: povu la sabuni kwenye mrija, au unyoya wa kuku uliowekwa kiganjani kwa mama. Kupuliza hulegeza mwili, na mwili uliolegea una mishipa inayoonekana. Vijana wana simu zenye katuni za Ubongo Kids, nazo zinafaa, ila mtoto atazame kabla mpira haujafungwa. Ukimwonyesha wakati ameshaanza kulia umechelewa.

Wapo wasiotaka kupumbazwa. Mtoto wa Kimaasai anayechunga, aliyekwisha kuona ng'ombe akitolewa damu, mara nyingi anataka kutazama. Ukimgeuza uso kwa nguvu ndipo anapoogopa. Huyo mwache aone, mpe pamba aishike, mwambie ndiye atakayekandamiza ukishatoa sindano. Muulize kila mmoja kabla ya kuamua.

Katika nchi hii yetu kuna jambo ambalo vitabu vya mbali haviligusi. Wilaya hizi mbili zina Kiiraqw, Kidatoga, Kimaasai na Kihadzabe, lugha zisizosikilizana hata kidogo. Mtumishi anaweza kuwa ametoka Tanga au Kagera, naye ana Kiswahili chake kizuri. Mtoto wa Nainokanoka ambaye hajaanza shule hakijui. Kitendawili changu kwake ni kelele za mtu mgeni mwenye sindano. Mwenye maneno ya kumshughulisha yuko nje ya mlango, amekaa kwenye benchi, ameambiwa asubiri. Hoja zote za kumtoa mama huishia hapo kwangu. Akilia, aelezwe cha kufanya: mpakate, kifua kwa kifua, mkono mmoja uninyooshee mimi, mwimbie au msimulie habari za nyumbani, usimwambie haiumi. Mama aliyepewa kazi halii. Akihisi kizunguzungu, shangazi au bibi yupo. Huku kwetu mtoto haji hospitali na mtu mmoja.

Haya hayaondoi maumivu yote. Mtoto aliyeishiwa maji ambaye mishipa imezama, au anayeletwa amepoteza fahamu, hana muda wa vitendawili, na aliyekwisha kuchomwa vibaya mara kadhaa atahitaji zaidi ya povu la sabuni. Lakini wengi wanaopita dirisha la maabara si hao. Ni watoto wa homa, wa kikohozi, wa kupimwa damu kabla ya dawa, na kwao dakika mbili za maandalizi huokoa kuchomwa mara ya pili.

Kwa hiyo ninawaomba watu wawili. Wewe mzazi, acha kumtishia mtoto kwa sindano; siku ya sindano mwambie kweli, kwamba atasikia kama kufinywa, kisha itakwisha, na utakuwa umempakata. Na wewe unayesimamia zahanati au kituo cha afya, iwe Endabash, Oldeani au Endulen, weka kiti chenye egemeo ndani ya chumba cha kutolea damu, kikiwa kimeelekea mkono wa mtoa damu. Kiti hicho ni cha mama. Hakihitaji bajeti ya wilaya, na kinaweza kuwekwa leo.